Usaili wa hatua nyingi: namna ya kuuvuka bila kuishiwa nauli wala moyo

Kwa anayetafuta kazi akiwa Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, usaili mmoja unaweza kumla miezi. Unatuma maombi, wiki zinapita kimya, kisha simu inaita ukiwa shambani au kwenye daladala: njoo keshokutwa saa mbili asubuhi. Unafanya mtihani wa kuandika. Unaitwa tena mbele ya jopo. Unaitwa mara ya tatu kuonana na mkurugenzi, unafika, unaambiwa yuko safarini. Halafu "utapigiwa". Hapo ndipo watu wengi wazuri wanapoharibikiwa. Wanaacha kutuma maombi mengine, wanakataa vibarua, wanakopa nauli ya safari ya nne na kulala na simu chini ya mto.

Msimamo wangu ni huu: huwezi kumharakisha mwajiri, lakini usikubali kutoka kwenye hatua yoyote mikono mitupu. Kila unapomaliza hatua, ondoka na vitu viwili: tarehe ya jibu, na jina la mtu wa kumuuliza tarehe hiyo ikipita. Karibu kila kitu kilichomo kwenye mwongozo huu kinategemea hayo mawili.

Hatua ya 1: Fahamu ucheleweshaji unatoka wapi

Ukijua mlango uliofungwa ni upi, hupotezi nguvu kugonga mwingine.

Serikalini, ajira nyingi hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, yenye makao makuu Dodoma, na maombi hutumwa kwenye Ajira Portal. Kabla ya tangazo lazima mwajiri awe na kibali cha ajira. Baada ya tangazo huja usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika. Kwa kada kama udereva au ukatibu muhtasi huja usaili wa vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Kila hatua ina tangazo lake la majina. Hapa hakuna mtu wa kumpigia akakusogeza mbele, na anayekuambia yupo anataka hela yako. Kazi yako ni kufungua akaunti yako mwenyewe mara kwa mara na kusoma matangazo kwenye tovuti yenyewe. Usitegemee picha za majina zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Namba yako ya usaili iko ndani ya akaunti yako, na ukifika ukumbini bila hiyo utahangaika. Jambo lingine ambalo wengi hawalizingatii: waliofaulu mahojiano lakini nafasi zikawa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata na wanaweza kupangiwa kituo baadaye bila kusailiwa upya. Kwa hiyo kutoliona jina lako kwenye orodha ya kwanza ya walioitwa kazini hakumaanishi umeanguka. Endelea kusoma orodha zinazofuata.

Kwenye mashirika, mlango uliofungwa mara nyingi ni fedha za mfadhili. Mikoa yetu ina miradi mingi ya afya kwa sababu inayoeleweka: utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, viwango vya juu kuliko mikoa mingine yote nchini. Kazi za ushauri nasaha, maabara, takwimu na ufuatiliaji zinazotangazwa huku zimetegemea sana fedha za nje, na mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya aina hiyo ilitikisika ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo ukiwa mbele ya jopo la shirika, una haki ya kuuliza kwa upole: "Naomba kufahamu, bajeti ya nafasi hii imeshaidhinishwa, au inasubiri mfadhili?" Jibu la swali hilo litakuambia kama unasubiri wiki mbili au nusu mwaka.

Kwenye kampuni binafsi, iwe ya chai Mufindi na Rungwe, ya mbao Mafinga au ya wanunuzi wa parachichi Njombe, anayekusaili mara nyingi siye anayesaini. Meneja wa huku anakupenda, lakini barua inatoka Dar es Salaam. Uliza anayesaini ni nani na yuko wapi.

Hatua ya 2: Tengeneza faili lako kabla hujaitwa

Mchakato mrefu huongezeka urefu pale unapotakiwa hati usiyokuwa nayo. Weka kwenye bahasha moja vyeti halisi vya kidato cha nne, cha sita na cha chuo, cheti cha kuzaliwa, na kitambulisho cha NIDA au kingine kinachokubalika, kama cha mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria. Matangazo ya usaili serikalini husema wazi kwamba hati za matokeo za muda hazikubaliki, na kila mara kuna watu wanaorudishwa mlangoni kwa sababu hiyo. Kama ulisoma nje ya nchi, vyeti vyako viwe vimeshathibitishwa na TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati na ufundi) au NECTA (mitihani ya sekondari) kulingana na ngazi.

Tatizo linalowaumiza watu wa kwetu kuliko yote ni majina. Jina la ukoo limeandikwa Mwaky- kwenye cheti cha kidato cha nne na Mwaki- kwenye cheti cha kuzaliwa. Au shuleni ulitumia jina la babu, NIDA wakaandika la baba. Vipange vyeti vyako vyote mezani leo, usome herufi moja baada ya nyingine. Ukikuta tofauti, nenda kwa wakili au mahakamani upate kiapo, na kama jina limebadilika kabisa, tafuta hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kama kosa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, anza na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Haya hayafanyiki usiku wa kuamkia usaili.

Kisha pita steshenari, skani kila kitu kiwe PDF safi, ujitumie kwenye barua pepe yako. Siku afisa rasilimali watu (HR) atakapokupigia saa kumi jioni akitaka vyeti kabla ya saa kumi na moja, utavituma hata ukiwa Makambako stendi unasubiri basi.

Wadhamini nao wapigie kabla. Mwambie mwalimu wako au bosi wako wa zamani kwamba anaweza kupigiwa, na kuhusu kazi gani. Mdhamini anayeshtushwa hujibu vibaya hata kama anakupenda.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Daftari la kawaida linatosha. Kila ombi lipe ukurasa wake: tarehe uliyotuma, aliyekupigia na namba yake, alichosema kwa maneno yake, gharama uliyotumia, na tarehe uliyoahidiwa. Andika simu inapokatika tu, usisubiri jioni. Baada ya usaili, kaa kwenye benchi hapo nje uandike maswali uliyoulizwa na ulivyojibu, kwa sababu ukiitwa raundi ya pili jopo jipya litakuwa na karatasi za jopo la kwanza mbele yao, na watataka kuona kama maelezo yako yanafanana.

Safu ya gharama ndiyo itakayokusaidia kuamua lini inatosha.

Hatua ya 4: Safari

Kwenye usaili wa serikalini unajigharamia mwenyewe: nauli, chakula na malazi. Siku hizi baadhi hufanyikia mikoani, na ikiwa hivyo soma vizuri umepangiwa kituo gani. Ukiitwa Dodoma kutoka Mbeya, ni zaidi ya kilomita 500 kupitia Iringa na Mtera. Wa Njombe wanaungana na barabara kuu pale Makambako. Fika siku moja kabla. Kushuka kwenye basi la usiku na kuingia moja kwa moja kwenye mtihani ni kuutupa mtihani huo, na hela ya gesti uliyookoa haitakulipa kazi uliyoikosa.

Kwa usaili wa hapa hapa Mbeya mjini, hesabu foleni. Kutoka Uyole kwenda Mafiati hadi Iyunga asubuhi, malori ya Tunduma yakiwa yamejipanga, daladala inaweza kukukalisha muda ambao hukuupangia. Na mwezi wa sita na wa saba, Iringa, Makete na Njombe ni baridi kali: vaa sweta zito juu ya shati lako na ulivue mlangoni. Mtu anayetetemeka husomeka kama mwenye woga.

Kwa waajiri binafsi na mashirika, ukiitwa raundi ya pili au ya tatu mkoa mwingine, uliza mambo mawili kabla hujapanda basi. Kwanza: "Je, raundi hii inaweza kufanyika kwa simu ya video?" Pili: "Kuna utaratibu wa kurudishiwa nauli?" Si utovu wa adabu. Mashirika mengi yana utaratibu huo lakini hawautaji mpaka mtu aulize. Tunza tiketi.

Hatua ya 5: Ndani ya chumba

Kuhusu kujibu maswali ya kitaalamu sitasema mengi, wewe ndiye unayeijua fani yako. Nataka kukaa kwenye dakika tano za mwisho, jopo linaposema: "Una swali?"

Wengi hujibu "Hapana, nashukuru" na kuondoka. Usifanye hivyo. Sema: "Nashukuru kwa muda wenu. Naomba kufahamu, baada ya hapa kuna hatua gani nyingine, na mnatarajia kutoa majibu lini?" Wakikujibu, ongeza: "Tarehe hiyo ikipita, nimtafute nani?" Maswali mawili, yasiyomkera mtu, na umetoka na vile viwili nilivyovitaja mwanzo. Jopo lisiloweza kutaja hata wiki limekuambia jambo muhimu: halijajipanga, na wewe usilitegemee.

Kuna swali jingine linalowapata akina dada zaidi: umeolewa, una mtoto mdogo, unapanga kuzaa lini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ndoa, ujauzito, jinsia, dini, kabila, ulemavu, hali ya VVU na mingine, na ulinzi huo unamhusu hata mwombaji kazi. Lakini mle ndani si mahali pa kusoma sheria. Jibu kwa utulivu: "Hali yangu ya nyumbani hainizuii kutimiza majukumu ya nafasi hii, hata ya safari za wilayani." Liandike swali hilo kwenye daftari, pamoja na jina la aliyeliuliza. Ukinyimwa kazi kwa sababu hiyo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi mikoani.

Hatua ya 6: Kazi ya majaribio isiyolipwa

Raundi ya tatu siku hizi huja na "kazi kidogo" ya kwenda kuandaa nyumbani. Kijana mmoja wa Mafinga ninayemfahamu aliambiwa aandae mpango mzima wa kukusanya parachichi kutoka kwa wakulima: vituo vya kukusanyia, bei, usafiri, majina ya viongozi wa vikundi na namba zao za simu. Alizunguka vijijini kwa bodaboda kwa hela yake, akaandika kurasa nyingi, akatuma. Hakujibiwa tena. Baadaye vikundi vile vile vilipigiwa simu na kampuni ile ile.

Kwa hiyo weka mpaka. Jaribio la kuonyesha uwezo ni la saa chache: kuchambua jedwali, kuandika barua, kueleza ungeanzaje. Likizidi hapo, toa muhtasari wa mbinu, usitoe mali ghafi. Majina ya watu na namba zao usizitoe kabisa. Si zako, na taarifa binafsi zinalindwa na sheria ya 2022. Unaweza kuandika: "Nimeeleza hatua nitakazofuata na sababu zake. Takwimu za kina nitazikusanya nikishaanza kazi." Mwajiri mwenye nia njema atakuelewa.

Hatua ya 7: Kufuatilia

Hapa ndipo watu hukosea pande zote mbili. Wengine hupiga kila siku mpaka namba yao inazuiwa, wengine hawapigi kabisa wakidhani ni kujipendekeza. Fuata tarehe uliyopewa. Ikipita, subiri siku mbili za kazi, kisha tuma ujumbe:

"Habari za kazi, dada. Nilifanya usaili wa nafasi ya afisa ugani tarehe 12. Tuliambiwa majibu yatatoka ndani ya wiki mbili. Naomba kujua kama uamuzi umeshafanyika au kuna hatua nyingine, ili nijipange. Asante sana."

Hakuna malalamiko wala "nina shida sana na kazi". Maneno "ili nijipange" yanatosha kuonyesha kwamba nawe una maisha yanayoendelea. Usisahau kuweka jina lako kamili mwishoni.

Usipojibiwa kwa wiki moja, piga simu. Piga saa nne au baada ya chakula cha mchana, si asubuhi saa mbili watu wakiwa kwenye kikao. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Nani mwenzangu?

— Mimi ni yule niliyekuja kwenye usaili wa mhasibu mwezi uliopita, wa pili kutoka mwisho.

— Aa, nimekukumbuka. Bosi hajasaini bado. Utapigiwa tu.

— Sawa mama, nashukuru. Kama mpaka Ijumaa ijayo sijapigiwa, nikutafute wewe au kuna mwingine anayeshughulikia?

— Nitafute mimi, mwanangu. Lakini mchana.

Umepata tarehe, na mtu mwenyewe amekubali umtafute. Ijumaa ikifika bila simu, mpigie mara moja. Ukipewa tena "utapigiwa" isiyo na tarehe, funga ukurasa huo kwenye daftari. Ulifuatilia kwa adabu, ukajibiwa kwa kupigwa danadana. Wakikupigia baada ya miezi mitatu, vizuri, utasikiliza. Lakini usiwapangie tena siku zako.

Hatua ya 8: Dalili za kuacha papo hapo

Ukiombwa hela, acha. Iwe "ya fomu", "ya sare", "ya vipimo", "ya mafunzo" au ya kumtuliza mtu wa ofisini, na hasa kama inatakiwa itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Kutuma maombi kwenye Ajira Portal ni bure. Ukiombwa namba ya siri ya simu au ya benki, ama picha ya kitambulisho kabla hujajua hata ofisi iko mtaa gani, acha.

Ukiitwa "mkamalizie mazungumzo" gesti au baa jioni, usiende. Kudai ngono ili kutoa ajira ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Hifadhi meseji, usizifute hata kama zinakutia kinyaa, na piga TAKUKURU kwa namba 113, ambayo ni bure. Mwambie na mtu mmoja unayemwamini nyumbani, ili usibebe jambo hilo peke yako.

Hatua ya 9: Maisha yasisimame

Kama una kazi, usiiache kwa neno la mdomo. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, basi mwambie mwajiri mpya mapema kwamba utahitaji muda huo baada ya kupata barua, si kabla.

Kama huna kazi, endelea na shughuli. Msimu wa kuvuna viazi Uporoto au mahindi Ismani haumsubiri HR. Nenda kavune, beba simu yenye chaji, tuma maombi mengine mawili wiki hiyo hiyo. Na nyumbani waeleze ukweli ulivyo. Badala ya kumwambia mzazi "nimeshapata, bado barua tu", sema: "Mama, nimefika raundi ya pili, majibu tarehe 20, bado sijui." Ukimpa matumaini makubwa kuliko uliyonayo, utaanza kukwepa simu zake, nawe ndiye unayezihitaji zaidi kipindi hicho.

Amua mapema kiasi cha juu cha hela utakayotumia kwa ombi moja. Safu ya gharama ikifika hapo, raundi inayofuata ni kwa simu au kwa nauli yao.

Hatua ya 10: Barua ikija

Uchovu wa miezi huwafanya watu wasaini bila kusoma. Omba siku moja au mbili. Angalia cheo, kituo cha kazi (Mbeya mjini na Chunya ni maisha mawili tofauti), tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, muda wa majaribio na mshahara.

Kwenye mshahara, uliza kama uliotajwa ni kabla ya makato. Chukua laki nane kwa mwezi. Mchango wa mfanyakazi NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa kawaida ni asilimia 10: shilingi 80,000. Inayobaki, 720,000, ndiyo inayokatwa kodi, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 kodi yake ni 60,000. Mkononi zinabaki 660,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, toa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000, unabaki na 540,000. Toa kodi ya chumba mtaa wa Forest au Soweto hapa Mbeya, toa nauli za mwezi, ndipo ujue kama unakubali au unaomba nyongeza. Kuomba nyongeza kufanyike sasa, kwa maandishi, kabla ya kusaini.

Ukishasaini, dai nakala yako yenye sahihi za pande zote mbili. Kisha wapigie waajiri wengine ambao kurasa zao bado ziko wazi kwenye daftari, uwaambie umepata kazi na unajiondoa, ili nafasi hiyo impate mwenzako anayesubiri.